Vidole Laini vya Dokta Fomu

Dokta Fomu hakuwa daktari, na fomu hakuwahi kuisoma hata moja mpaka mwisho. Jina alipewa na watu wa mtaa ule wa ofisi ya forodha, naye akalipokea kama mtu anayerudishiwa chake. Ofisi yake ilikuwa kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, kimeegemea ukuta wa forodha upande wenye kivuli. Ndani ya mkoba wake wa ngozi mlikuwa na gazeti la mwaka juzi, ndala moja ya kuupa mkoba uzito, na mhuri wa shule iliyofungwa, ulioandikwa AMEFAULU.

Kwa mhuri huo alikuwa ameshawauzia wafanyabiashara wadogo kumi na tisa namba ya utambulisho wa forodha, ile namba ambayo bila kuwa nayo hutumi ng'ambo hata njiti ya kiberiti. Zote kumi na tisa zilikuwa namba ya simu ya mjomba wake marehemu, ila mwishoni alikuwa akibadilisha tarakimu moja, kwa kuwa naye ana dhamiri.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho cha kweli: mikono. Vidole virefu, laini, visivyojua ndoo wala jembe. Alivipaka mafuta asubuhi na jioni, kisha akavipanga juu ya mkoba, wapita njia wavione. Mikono kama ile, hapa kwetu, watu huiona kwenye televisheni tu, ikikata utepe.

Asubuhi hiyo tajiri mmoja wa matairi makuukuu, aliyefungiwa na forodha kwa mambo yake, alikuwa amemnong'oneza sikioni: "Nitafutie namba safi, ya mtu asiye na doa, niingizie matairi yangu. Nitakufanya mtu." Dokta Fomu alikuwa bado anautafuna utajiri huo taratibu pale mlango wa forodha ulipofunguka kwa kishindo. Akatoka mama mmoja mnene, kilemba kimejaa vumbi la mbao, anatukana.

"Mashine gani ile! Haina adabu, haina mama!"

Dokta Fomu akasimama, akamfutia ngazi kwa gazeti lake.

"Pole, mama yangu. Wamekuambia urudi kesho?"

"Umejuaje?"

"Kesho ndiyo bidhaa pekee wanayoitoa bure humo ndani. Kaa, pumzika, niambie."

Mama akakaa. Mtaani kwake walimwita Mama Vijiko, na sababu ilikuwa wazi: yeye na binti zake wawili walichonga vijiko vya mbao. Sasa kulikuwa na wanunuzi wa ng'ambo walioagiza vijiko elfu tatu. Meli ingeondoka Ijumaa ya wiki ijayo. Bila namba mzigo haupandi, na mzigo usipopanda, oda inakwenda kwa wengine.

"Na mbao nimeshazikata zote, mwanangu. Mpaka mlango wa stoo nimeuchonga vijiko. Hii ikishindikana, tutakula mbao."

"Kikwazo ni nini?"

Akamnyooshea vidole. Vilikuwa vyeupe nchani, vimelainika kama kokoto za mtoni, havina mstari hata mmoja. Miaka thelathini ya msasa ilikuwa imefuta kila kitu.

"Mashine inataka alama za vidole. Nimeweka kumi vyote. Inaandika HAKUNA MTU. Na mimi nimesimama pale, kilo tisini!"

Mashine hiyo, ieleweke, ilinunuliwa na wakubwa. Ikajaribiwa kwa vidole vya wakubwa, ikawatambua wote bila wasiwasi, wakapigiana makofi na kupiga picha. Kwamba nchini humo wamo watu wanaofanya kazi mpaka vidole vikafutika, jambo hilo halikuwa kwenye ajenda.

"Marehemu mume wangu," Mama Vijiko akaendelea, "alichukua kikaratasi cha foleni humo humo, namba mia na kumi na mbili. Tumemzika nacho mfukoni. Leo nimeangalia ubaoni, wako mia na tisa."

Dokta Fomu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kulipiwa.

"Mama, wamekuficha. Vidole si tatizo. Namba zinakwisha."

"Namba zinaishaje?"

"Kama madini. Zimebaki tatu nchi nzima. Na mbili kati ya hizo ni za witiri. Mzigo wa namba ya witiri huvuja."

"Vijiko vinavuja?"

"Vya witiri vinavuja."

Mama Vijiko akacheka mpaka vumbi likamdondoka kilembani. "Nipe mkono, baba," akasema. Akaushika mkono wa Dokta Fomu, asiuachie. Akapitisha dole gumba kwenye ncha za vidole vyake, kimoja kimoja, kama fundi anayetafuta ufa kwenye ubao.

"Mkono mzuri, mwanangu. Hauna hata mkwaruzo."

"Wa ofisini," akasema Dokta Fomu, kifua kimemjaa.

"Basi nimekubali. Ila mimi sitoi changu kwa kitu nisichokiona. Hiyo namba nataka niione kwenye kompyuta ya yule karani, kwa macho haya. Kianzio ndiyo hiki." Akamwekea kiganjani kijiko cha mbao.

"Kijiko, mama?"

"Hicho kinakwenda ng'ambo. Wewe umeshawahi?"

Siku nyingine Dokta Fomu angebeba kiti chake na kuhama mtaa. Lakini matairi yalikuwa yanamzunguka kichwani. Namba safi, mwanamke safi, doa hakuna. Akakiingiza kijiko mfukoni, akaingia forodhani. Miaka kumi na moja ameegemea ukuta ule, na ndiyo mara ya kwanza kuona upande wake wa ndani. Ulikuwa mchafu kuliko wa nje.

Dirisha la nne alikaa karani mwenye miwani ya kamba, karanga zake kwenye droo.

"Nimerudi, mwanangu," Mama Vijiko akasema. "Nimempata."

Karani hakumtazama Dokta Fomu usoni. Alimtazama mikono. "Huyu?"

"Huyu."

Dokta Fomu akadhani ni umaarufu, akatabasamu.

"Sheria inasema hivi," karani akasema huku akitafuna. "Mwenye biashara ambaye vidole vyake havisomeki huteua mwakilishi mwajibikaji, naye huweka vidole kwa niaba yake. Unakubali kwa hiari yako?"

Ilibaki kidogo Dokta Fomu aimbe. Vidole vyake, namba yake, matairi yake! Na yule mama atalala usingizi akijua ana namba.

"Mimi? Kwa huruma tu, dada. Kwa huruma tupu."

"Fomu ina kurasa sita. Isome."

"Dada, unajua unaongea na nani? Mimi ndiye Dokta Fomu."

"Basi tia saini."

Akatia sita, kila moja na mkia mrefu kuliko iliyotangulia.

"Bidhaa?"

"Bidhaa mchangany..."

"Vijiko vya mbao," akasema Mama Vijiko. "Vya supu na vya kukorogea."

Kisha ikaja zamu ya vidole. Mashine iliyokuwa imenuna tangu asubuhi ikawaka kijani, ikapiga kamuziki. Kwenye skrini ikatokea sura ya Dokta Fomu ya kitambulisho cha miaka ishirini iliyopita, masikio yote mawili yametokeza, na karani akasoma kwa sauti majina yake matatu kamili. La kwanza lilikuwa jina ambalo duniani alibaki mtu mmoja tu wa kulitumia, naye ni mama yake, tena akitaka aende akaoge.

"Anwani: kwa mama mzazi, nyumba yenye mlango wa bluu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Ndiyo?"

"Ndi... ndiyo," akasema Dokta Fomu, jasho linamtoka mahali asipopajua.

Namba ikatoka. Mama Vijiko akasogea mpaka pua ikagusa kioo, akaisoma tarakimu moja moja. Halafu akainua macho ubaoni. "Mzee," akasema polepole, si kwa mtu yeyote pale, "wamefika mia na kumi na mbili."

Dokta Fomu akanyoosha mkono. "Cheti nipe mimi, nitakitunza."

"Cheti ni cha mwenye biashara," karani akasema. "Na namba hii ni ya vijiko vya mbao tu. Hata kijiko cha bati hakipiti."

Matairi yakaanza kutoka kichwani mwa Dokta Fomu, moja baada ya jingine, yanabiringika kuelekea baharini.

"Chako wewe kiko ukurasa wa nne. Mwakilishi atahudhuria kazi karakanani kila siku. Atahesabu kijiko kwa kijiko. Atafunga kila sanduku kwa kidole chake. Malipo: hakuna. Akikosa siku moja, askari watamfuata kwenye anwani iliyotajwa."

"Kwa mama?"

"Kwa mama."

"Nani ameandika hakuna?"

"Saini yako iko chini yake. Ina mkia mzuri."

Dokta Fomu akamgeukia Mama Vijiko, mdomo wazi. "Mama! Umenichezea!"

"Mimi? Tangu saa mbili karani aliponiambia nitafute mwenye vidole vizuri, nimeshika mikono barabara nzima. Muuza magazeti, sugu. Dereva, sugu. Fundi viatu ndiyo usiseme. Shemeji yangu vyake vinasomeka, lakini alitaka nusu ya karakana. Nikarudi kwa karani mikono mitupu, akaniambia kesho; nikatoka nimekasirika, nakukuta wewe umevianika juu ya mkoba. Na umesema mwenyewe, kwa huruma. Karani ni shahidi."

"Tupu," karani akaongeza. "Kwa huruma tupu."

Dokta Fomu alitoka pale na shabaha moja: kupitia nyumbani, kubeba nguo, kutoweka. Lakini karani alikuwa ameshapiga simu kuhakiki anwani. Mama mzazi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa bluu, majirani wamemzunguka, shati la mwanawe limepigwa pasi na kuning'inizwa uani kama bendera.

"Mwanangu wa forodha!" akapiga vigelegele. "Miaka arobaini na miwili namwomba Mungu akupe kazi! Wote waliokuwa wananicheka waje hapa!"

Watu kumi na tisa aliwadanganya bila kupepesa. Mbele ya mama huyu mmoja uongo ulimwishia, akalivaa shati. Kesho yake asubuhi mama huyo alimpeleka karakanani mwenyewe, amemshika mkono njia nzima, akisalimia kila dirisha.

"Mama Vijiko, nakuomba," Dokta Fomu akasema walipobaki wawili. "Hakuna njia ya kutoka humu?"

"Ipo. Hukusoma ukurasa wa sita?" Mama Vijiko akampa kipande cha msasa. "Mwakilishi ataachiliwa siku vidole vyake vitakapokuwa havisomeki tena. Vyangu vilichukua miaka thelathini. Lakini mimi nilikuwa sina haraka."

Dokta Fomu akavitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama anayeaga wasafiri. Akachukua kijiko cha kwanza, akaanza kusugua.

Vijiko elfu tatu vilipanda meli Ijumaa ile, na vingine vikaagizwa. Kila Ijumaa, mtu mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi huingia forodhani, huchukua kikaratasi cha foleni, na zamu yake ikifika huweka vidole kwenye mashine huku amefumba macho. Mashine huwaka kijani na kupiga kamuziki. Karani hutikisa kichwa.

"Pole, bwana," humwambia, akimsogezea karanga chache. "Bado ni mtu. Rudi Ijumaa."