Samaki wa Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu amepiga simu kutoka nyumbani. Macho yake yanazidi kufifia; anataka kuniona kabla hayajazima. Nikamjibu kama kila mwaka: mwakani. Akasema hiyo mwakani yangu imeshaota mvi. Kwetu hakufikiki ila kwa meli, naye anajua sijagusa bahari tangu boti ya wakimbizi iliponishusha huku ujanani. Sasa anataka ushahidi kwamba ninaweza kuigusa. Nizamishe kichwa baharini, nipige picha huko chini, nimtumie. Kichwa! Hiki hiki kimoja nilicho nacho.

Jumanne, 5 Machi

Hila imepatikana. Kinyozi ana tangi la samaki dukani. Na jirani yangu Nahodha, mwalimu mstaafu anayeogelea kila asubuhi na kuhakikisha mtaa mzima unajua, ana kamera ya kupigia picha majini. Nimeiazima, nikidai nafanya utafiti. Alicheka mpaka meno ya bandia yakamlegea. Nikatia mkono tangini hadi kiwiko, nikawapiga picha samaki wa kinyozi. Picha safi. Mimi ni fundi.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Mdogo wangu aliisogeza simu mpaka puani, akaona, nyuma ya samaki, mtu amekaa kitini na povu la sabuni kidevuni. "Kaka," akasema, "macho yangu yamechoka, hayajawa mapumbavu." Kisha akakata simu. Heri angenitukana.

Kinyozi hana siri. Nahodha sasa ananiita Papa wa Kinyozi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda ufukweni mapema ili Nahodha asinione. Nikamkuta anajifuta. Maji yalipofika magotini nilijikaza. Yalipofika kiunoni nikakumbuka shughuli muhimu nyumbani. Nahodha hakucheka. Alinishika kiwiko, akaniambia nipulize mapovu kwanza, kama mtoto. Nikazama.

Sijui niandikeje. Miaka yote nilidhani huko chini ndiko zilikobaki kelele za ile boti, injini na watu wakiitana. Kumbe kimya. Mwanga umekatika vipande vipande juu ya vidole vya miguu yangu. Samaki mwembamba kama sindano akanitazama, kama mwenyeji anayemtazama mgeni aliyechelewa. Nikawaza kwamba maji haya haya yanagusa ngazi za bandari ya kwetu. Nikapiga picha, nikapiga tena. Nahodha ndiye aliyenivuta juu. Nilikuwa nimesahau kupumua.

Jumapili, 10 Machi

Karibu picha zote ni za kidole gumba changu. Moja tu imetoka: mkono wangu umenyooka mbele, mwanga umeuzunguka. Mdogo wangu aliitazama kwa muda mrefu.

"Huo mkono wa baba," akasema. Kisha, "Basi umeshazama, kaka. Panda meli uje."

Nikaapa nitakwenda.

Jumatatu, 11 Machi

Nimefika ofisi ya tiketi. Bahari siiogopi tena, na hilo ndilo lililonikosesha kisingizio. Mdogo wangu aliagana na kijana mwenye nywele kichwani. Akija bandarini kunipokea, atamkuta nani?

Sikukata tiketi. Ila ukutani mwao kuna picha ya sitaha ya meli, ndefu kuliko mimi. Karani hana pingamizi nikijipiga picha mbele ya sitaha hiyo, sanduku mkononi. Nahodha amekataa kunishikia feni. Si neno, nitaiegesha kitini, shati lipepee vizuri.

Mdogo wangu atafurahi sana kuniona niko njiani.