Sifa Saba Mlangoni kwa Bwana Mazengo

Ilitangazwa rasmi, chini ya maturubai mawili na mbele ya keki yenye nembo, kwamba Wakala wa Uratibu wa Waratibu, Ihumwa, umefuta upweke kazini. Kuanzia siku hiyo kila mwajiriwa mpya angepewa mlezi, mtu mwenye uzoefu, wa kumshika mkono. Yakapigwa makofi ya kilo. Keki wakaila walezi.

Lea alibahatika kuliko wote. Mlezi wake alikuwa Bwana Mazengo, aliyeutunga mwongozo wenyewe na kuubandika mlangoni kwake: Sifa Saba za Mlezi Bora. Lea alizijua zote kwa kichwa, kwa kuwa alikuwa amesimama nje ya mlango huo miezi mitano. Sifa ya kwanza: mlezi hupatikana wakati wote. Chini yake palining'inia kufuli.

"Yuko Morogoro, mwanangu," alisema Mama Emiliana wa masijala, mtunza majalada mwenye mvi. "Anafundisha sifa ya pili."

"Ile ya kusikiliza?"

"Hiyohiyo. Anaongea siku tatu mfululizo."

Lea alitaka kulia. Ijumaa ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka fomu ya kuthibitishwa kazini. Bila saini ya mlezi, ajira ingekoma na angerudi Kibakwe, ambako mama yake alishatangazia kanisa zima kwamba binti yuko serikalini.

Kazi aliijua. Mama Emiliana alimfundisha kuandika dokezo, kufuatilia jalada lililopotea, hata kucheka bosi anapotania. Lakini huyo hakuweza kuwa mlezi. Ngazi yake ya mshahara haikumruhusu kuwa na uzoefu.

Ijumaa mchana Bwana Mazengo alipita kuchukua chaja. Lea alimkimbilia hadi kwenye gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nani vile?"

"Lea. Wewe ndiye mlezi wangu."

"Safi sana! Tunaendeleaje?"

"Ndiyo kwanza tunaonana, mzee."

"Hayo ni maendeleo makubwa!" Akaiweka fomu juu ya boneti, akaandika alichoandika maisha yake yote ya utumishi: *Nimesoma. Nakubaliana na yote.* Akasaini, gari likaondoka.

Sasa, Lea ni mwoga wa kumwomba hata konda chenji yake, lakini kuidanganya karatasi hawezi. Penye swali "Umejifunza nini kwa mlezi wako?" alikuwa ameandika: *Sijawahi kumwona. Kazi nimefundishwa na Mama Emiliana. Mlezi wangu naufahamu mlango wake tu, nao haujawahi kufunguliwa.*

Kamati ilikaa. Ushahidi ulikuwa mzito, maana mlezi mtuhumiwa alikuwa ameuthibitisha mwenyewe kwa mkono wake. Lea akathibitishwa kazini. Bwana Mazengo, kwa kufuata kifungu cha mwisho cha mwongozo wake, "mtumishi asiyemudu majukumu apangiwe mlezi," alipangiwa Mama Emiliana, miezi sita; ngazi ya mshahara safari hii haikuulizwa.

Jumatatu asubuhi aliripoti masijala, tai shingoni. Mama Emiliana alimtazama kuanzia viatu.

"Vua koti, mwanangu. Majalada yana vumbi."

Akavua. Baada ya nusu saa, kutoka nyuma ya rafu, ilisikika sauti ya chini:

"Samahani... hivi N inaanza kabla ya M, au?"

Lea, aliyekuwa akipita, alimwonea huruma sana. Ndiyo maana alikwenda kuchekea chooni.