Bawa Lililochemsha

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa maabara katupatia kazi. Boti ya wagonjwa wa ng'ambo itafungiwa bawa chini ya tumbo, kama la ndege, ila la kwenye maji. Boti ikishika kasi, bawa litainyanyua juu ya mawimbi, na mgonjwa atavuka bila kutikiswa. Mabawa yatachorwa mawili: moja langu, moja la Shemeji. Litakaloshinda kwenye hesabu ndilo litakalochongwa na kujaribiwa.

Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Meza yake inagusana na yangu. Aliyemwombea kazi hapa ni mimi. Sasa yeye ndiye anayekaa dirishani.

Kati ya wagonjwa wa ng'ambo yumo mama yao, mama mkwe wangu. Huvuka kila wiki kwenda kusafishwa damu, na boti ya sasa inamrusha hadi mgongo unakataa kunyooka. Nimempigia simu, nikamwambia ajiandae kupaa. Akauliza kama nimekula.

Jumanne, 5 Machi

Kompyuta yetu haihangaiki na maji yote. Tunagawa ngozi ya bawa tu, vipande vidogo vidogo kama vigae, na programu inakokotoa maji yanavyopita kwenye kila kigae. Kisha inabonyeza umbo hapa, inalivuta pale, inakokotoa upya, hadi bawa linyanyue boti vizuri huku maji yakilikwamisha kidogo tu.

Bawa langu limegoma. La Shemeji linazidi kupendeza. Mkuu aliinama kwenye skrini yake, akaguna kwa kuridhika. Kwangu hakuinama.

Nimeanza kumpeleleza. Anafika mapema. Anakula matunda. Akikosea, anafuta na kuanza tena. Sijaona siri yoyote.

Alhamisi, 7 Machi

Njia imepatikana. Programu imefungwa na masharti. Mojawapo linasema mgandamizo wa maji mgongoni mwa bawa usishuke kupita kiasi, kwa sababu ukishuka sana, maji huchemka yakiwa baridi na kutoa mapovu yanayolinyima bawa nguvu. Sharti la waoga. Chuoni nilifundishwa hivyo na mtihani nikafaulu, lakini kufaulu si kuamini. Nimelizima.

Kufika saa ya chakula, bawa limekuwa jembamba, limepinda kama nyusi. Maji hayalikwamishi kabisa. Hata mimi niliona haya kulitazama.

Shemeji akauliza nimefanyaje. Nikamjibu ni uzoefu. Akauliza kama masharti yote yamo. Nikamwambia chakula kinapoa.

Ijumaa, 8 Machi

Langu limechaguliwa. Mkuu kanipiga bega mbele ya watu. Shemeji kanipa mkono wa hongera, na ilikuwa hongera ya kweli. Hilo limeniudhi sana. Nyumbani mke wangu kauliza kwa nini natembea kama nimebeba ndoo kichwani.

Jumatano, 13 Machi

Naandika kwa uzito wa moyo.

Mfano wa boti ulifungwa bawa langu, ukavutwa kwenye tangi refu la majaribio. Mwendo mdogo, salama. Mwendo wa kati, boti ikanyanyuka juu ya maji, kimya, kama mtu anayeinuka kutoka kwenye sala. Machozi yalinilenga. Nilimwona mama mkwe ndani yake, mgongo umenyooka.

Mwendo kamili, yakaja mapovu. Kisha mlio, kama kokoto ndani ya sufuria. Bawa likaishiwa nguvu, boti ikaanguka kifudifudi, na bawa likang'oka pamoja na mkono wa kupimia, kile chuma kinachoshika mfano na kupima nguvu za maji. Mkono huo ni mmoja tu. Tangi limefungwa hadi uje mwingine. Hata bawa la Shemeji sasa haliwezi kujaribiwa. Boti ya wagonjwa itasubiri.

Mkuu akauliza kwa sauti ya chini nani alizima lile sharti. Nikasema programu hizi zina tabia zake. Shemeji alinitazama.

Mke wangu nimemweleza yote. Kasema, "Kumbe hayakuchemka maji peke yake."

Alhamisi, 14 Machi

Mama mkwe kapita kwetu akitoka hospitali. Alikuwa na mto kwapani, wa kukalia botini. Miguu imevimba.

"Ile boti yako ya kupaa vipi, mwanangu?"

"Itachelewa, mama. Chombo cha majaribio kimevunjika."

"Kimevunjwa na nani?"

Mke wangu akaangalia dari. Nikasema maji yalichemka.

"Basi yaacheni yapoe," akasema, akauweka mto vizuri kwenye kiti, akakaa polepole kwa kushikilia meza. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kitu.

Ijumaa, 15 Machi

Mkuu alitaka kuniondoa kwenye kazi hii. Shemeji akamwomba nibaki. Kamwambia najua programu ile kuliko wote, na kwamba yeye alipaswa kuniuliza mara ya pili. Sasa mimi ni msaidizi wake. Nilikwenda msalani nikalia kidogo, kwa heshima.

Nimeapa. Sharti la mgandamizo sitaligusa tena maisha yangu yote.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuu kauliza nani atachora rafadha, lile panga linalosukuma boti. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Shemeji ana bawa lake. Rafadha haina mwenyewe. Kazi nzuri hapa itafuta yote.

Programu ni ileile. Ndani yake kuna sharti la unene wa panga, ili lisikatike likizunguka kwa kasi. Nimelitafakari kwa makini. Mimi niliapa juu ya mgandamizo. Unene sikuutaja.

Nimelizima kwa muda tu, nione.