Ramani ya Figo la Dakika

Naanza kwa lalamiko, maana haki ninayo. Baraza ni langu, benchi ni langu, kinyozi ni mimi, na tangu asubuhi hakuna kichwa kilichokalia kiti changu. Vichwa vipo, tena vitatu, nywele zimejaa mpaka masikioni, lakini vimekuja kubishana.

Wa kwanza ni Profesa. Shule aliishia darasa la saba, ila gazeti analisoma mpaka matangazo ya misiba. Wa pili Buchari, mwenye bucha ng'ambo ya barabara. Mteja akifika kule, yeye anampigia kelele kutoka hapa. Wa tatu ni fundi saa, ana meza yake ndogo mwisho wa baraza. Tunamwita Dakika, kwa kuwa kila mteja humjibu, "Dakika moja tu," kisha saa inakaa miezi mitatu.

Profesa alikunjua gazeti, akakohoa.

"Sikilizeni! Watafiti sasa wanachora ramani ya mwili wa binadamu, seli kwa seli. Wanajua kila seli imekaa wapi, jirani yake nani, na zinaambizana nini."

"Seli nazo zina majirani?" Buchari akauliza.

"Zinao."

"Basi zinasengenyana. Ndiyo maana kiuno changu na mgongo havisalimiani siku hizi."

"Nyamaza usikie, bwana! Zamani walisoma jeni peke yake, yale maagizo unayorithi kwa wazazi. Sasa wanasoma maagizo, wanasoma ni seli gani imeyatii, wanasoma protini, mafuta, sukari, tabaka juu ya tabaka, yote kwa mpigo!"

"Mpaka sukari? Wewe wakikusoma watakuta kiwanda."

Profesa akasogeza kikombe chake cha chai upande wa pili. Vijiko vitano, nilimwona kwa macho yangu.

Dakika hakuinua kichwa, na hilo likanishangaza, maana kwa ubishi yeye ndiye baba yao. Alikuwa na lenzi yake jichoni na kibano mkononi. Mbele yake ilikuwa saa ya dada yake, imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya kitambaa cheupe kwa mstari, kila kimoja palepale kilipotokea. Kile kitambaa ni mwiko kukigusa. Mimi mwenye baraza niliwahi kukikung'uta mara moja tu, tukanuniana wiki mbili.

"Ramani, ramani," akanung'unika. "Nyumba ikishachorwa ramani, mwizi hahangaiki."

"Akuibie nini wewe? Kitambi?" Buchari akacheka mpaka benchi langu likalia.

Hapo akatokea mpwa wake Dakika, yule binti wa dada yake anayefanya kazi maabara ya hospitali. Koti jeupe mkononi, karatasi mkono wa pili.

"Shikamooni. Mjomba, wanakusubiri saa tano. Sasa hivi saa nne na nusu."

"Marahaba, mama. Saa ni kazi yangu, usinifundishe."

"Mjomba, hujatia sahihi."

Buchari akanyoosha shingo. "Sahihi ya nini? Unaoa?"

"Wanataka kunichoma lisindano la mgongoni wanyofoe figo!" Dakika akalipuka.

"Kipande, mjomba. Nusu ya njiti ya kiberiti. Kipimo chenyewe daktari alishakuandikia, watafiti wanaomba kijisehemu tu cha kipande hichohicho."

"Wachukue la dada! Mgonjwa si yeye?"

Mpwa akavuta pumzi. Akasema polepole.

"La mama limeshakuwa kovu tupu, halisomeki. Babu alikufa kwa figo. Mama mkubwa naye, figo. Sasa mama anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. La kwako, kama nalo linaugua, ndiyo kwanza linaanza, humo ndimo ugonjwa bado unaweza kuonekana unapoingilia. Sikudanganyi kwamba mama atapona kwa hili. Lakini na mimi ni wa ukoo huu, mjomba. Na nina watoto."

Profesa akakosa pa kuweka gazeti lake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema kwa upole.

"Na hilo jino lako lililooza, umelificha mwaka wa ngapi?" Dakika akamrudishia.

Profesa akafunga mdomo kwa kiganja.

"Lakini binti," Buchari akaingilia, "jeni si mlishazisoma?"

"Tulizisoma, baba. Kosa tunaliona. Hatujui linafanya fujo mahali gani ndani ya figo. Zamani kipande kilisagwa chote, kikasomwa mchanganyiko."

"Kama mashine yangu ya nyama!"

"Hivyohivyo. Ukisaga unajua kuna nini, ila hujui kipi kilikuwa wapi."

"Na ndio uzuri wa kusaga! Mteja asijue kipi kilikuwa wapi!"

Tukamtazama. Mimi nyama ya kusaga yake nilikuwa nimenunua jana.

"Kilikuwa wapi, kilikuwa wapi!" Dakika akabweka. "Vitu si ni vilevile? Mimi sitoboi mgongo wangu kwa ajili ya wapi!"

"Sema unaogopa sindano, basi!" Buchari akasema, na lile kofi lake la kuvunjia mifupa likatua juu ya meza.

Lo! Kitambaa kikaruka. Skrubu, springi, magurudumu madogo kama mbegu, vyote vikatapakaa barazani. Profesa, kwa kiherehere chake, akapiga magoti, akazoa vilivyokuwa karibu, akavimimina ndani ya kikombe chake kitupu cha chai, akamkabidhi Dakika kwa mikono miwili.

"Usijali ndugu yangu. Hivi hapa, hakuna kilichopotea."

"Umenizolea kikombeni!" Dakika akapiga yowe watu wa ng'ambo wakageuka. "We mtu una akili? Mimi vipande vya saa navijua tangu sijaota ndevu! Shida yangu si kuna nini! Nataka kujua kipi kilikaa wapi, kikigusana na nani! Ukivichanganya hivi, nitajuaje kilichoharibu saa ya dada?"

Buchari akanong'ona, "Mashine ya nyama."

 Mpwa akamtazama mjomba wake, na Dakika akakitazama kikombe. Akavua lenzi. Jicho lilikuwa limelowa.

"Naogopa," akasema. "Si sindano. Nimemwona dada kwenye ile mashine. Wakinisoma wakakuta nami nipo njiani, nitakuwa nakaa hapa nangojea zamu yangu."

"Hata mimi naogopa, mjomba. Twende wote."

Dakika akaichukua karatasi, akatia sahihi juu ya paja, akavaa koti lake. Alipofika kwenye ngazi akageuka, akatunyooshea kidole.

"Vilivyobaki sakafuni viacheni palepale vilipoangukia. Na nyinyi palepale mlipo! Atakayesogeza unyayo, mimi na yeye basi. Dakika moja tu, narudi."

Tukatazamana. Dakika yake tunaijua.

Saa sita ikapita. Bucha ikaita, Buchari akabaki ameketi, jasho likimtoka. Profesa akabana mapaja, ile chai ya vijiko vitano ikimdai njia. Hakuna aliyesogea.

Saa saba kasoro akaja mteja wangu wa kwanza wa siku, tena baba na wanawe wanne, wote wanataka kunyolewa. Nikavitazama vile vichwa vitano, roho ikaniuma kwelikweli.

"Nendeni kwa kinyozi wa kona ya pili," nikawaambia. "Chini ya kisigino changu kuna skrubu ya dada wa mtu."