Tamale za Sasa Hivi

Jumanne, 6 Januari

Baridi asubuhi, jua mchana. Puebla, jiji letu hapa Meksiko, kama kawaida yake. Leo ofisini tumekata rosca, ule mkate wa pete wa sikukuu ya Wafalme, yaani Mamajusi. Ndani yake hufichwa vitoto vya plastiki. Anayekuta kitoto kwenye kipande chake ndiye atakayewalisha wenzake tamale, yale madonge ya unga wa mahindi yanayofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, siku ya Candelaria, tarehe mbili Februari. Hakuna rufaa.

Nimekikuta mimi. Mimi! Nimekiuma kwa lile jino langu la mbele lililokatika. Nikakisukumia shavuni, nikatabasamu. Noemí, mwenzangu wa meza ya pili, alipoinuka kufungua dirisha, nikakitema ndani ya kikombe chake cha chokoleti. Kazi safi. Alipofika mwisho wa kikombe akakitoa kwa kijiko. Akakitazama. Akanitazama. Akasema haya, ataleta tamale yeye. Watu wapole namna hii hunitia wasiwasi.

Halafu Don Anselmo, bosi wetu, akatangaza jambo kubwa. Timu itapata mkuu mara tu baada ya Candelaria. Ni mimi au Noemí. Atachukua yule ambaye kazi yake itaivuka siku hiyo bila kumtia aibu. Mkuu wa timu anapata kile kiti chenye mgongo mrefu, karibu na dirisha. Nimeshakikalia mara kadhaa wenzangu wakienda kula. Kinanifaa sana.

Alhamisi, 15 Januari

Kazi yenyewe ni hii. Doña Hortensia, mteja wetu, anauza tamale kwa nusu ya jiji. Siku ya Candelaria oda humzidi, hivyo huzigawa kwa majiko ya kina mama wenzake. Programu yetu inazipanga oda zote kwenye safu moja. Kwa kila oda inaliuliza jiko: mtaiweza? Jiko likisema ndiyo, oda inabaki. Likisema hapana, oda inatolewa na mteja anaombwa radhi mapema.

Sehemu hiyo kaiandika Noemí. Inaulizia oda ya kwanza, inasubiri jibu. Inaulizia ya pili, inasubiri tena. Kila mahali neno lake ni await, yaani subiri. Await, await, await! Utadhani uko foleni ya kliniki. Don Anselmo alipoijaribu, aliagiza kahawa, akainywa, akarudi akaikuta bado inasubiri. Akaguna. Akasema mtu atakayeifanya iende haraka atamkumbuka.

Atamkumbuka. Nimesikia vizuri kabisa.

Jumatatu, 19 Januari

Nimeiandika upya! Nimetumia filter, mchujo wa JavaScript, lugha tunayoandikia programu. Unaupa safu na swali, nao unabakiza kila kinachojibiwa ndiyo. Swali lenyewe nimelitia ndani ya fanksheni ya async, iende ikaulize majiko. Kusubiri majibu? Mimi si mtu wa kusubiri. Nikabonyeza. Ikamaliza kabla sijainua kidole. Don Anselmo akasema jamani! Akanipiga bega. Bega la kushoto, bado nalihisi.

Noemí akaja kunusanusa. Akasoma skrini yangu, akaniambia taratibu kwamba fanksheni ya async hairudishi jibu palepale. Inarudisha ahadi ya jibu. Na mchujo haujui kusubiri ahadi. Ukiuonyesha ahadi yoyote, unaihesabu kuwa ni ndiyo, basi. Nikamwambia dada, hayo ni maneno ya mtu aliyeshindwa. Nimejaribu kwa oda tatu nilizozitunga mwenyewe na zote zimepita. Akauliza je, kati ya hizo tatu ipo iliyotakiwa kukataliwa? Nikamwambia mimi huwa situngi oda za kushindwa.

Akataka Don Anselmo aje aangalie. Don Anselmo akamjibu ahorita. Maana yake sasa hivi, tena sasa hivi ileile ya fundi cherehani. Labda kabla ya chakula, labda baada ya Pasaka. Noemí kakaa kusubiri. Shauri yake.

Jumamosi, 31 Januari

Mambo shwari. Oda zinamiminika na zote zimekubaliwa. Zote! Mchujo wa Noemí ulikuwa unakataa watu. Wangu una moyo mweupe. Kuna bwana mmoja wa Tijuana, kule mwisho wa nchi, anataka tamale za moto ziletwe mlangoni kwa baiskeli. Amekubaliwa. Sikujua kama kina mama wana baiskeli za namna hiyo, lakini mimi ni nani nimpinge mchujo?

Doña Hortensia alipiga simu kuuliza mbona safari hii hakuna aliyekataliwa. Nikamwambia mama, hayo ndiyo maendeleo. Akasema mh.

Jioni nimejipanga mbele ya kioo. Hotuba fupi, ya unyenyekevu. Nitamsifu Noemí kwa uvumilivu wake. Kisha nitampa meza yangu ya zamani, ile inayoyumba.

Jumatatu, 2 Februari. Candelaria

Nimeitwa jikoni kwa Doña Hortensia asubuhi na mapema. Nikavaa shati jeupe. Nilidhani ni shukrani.

Mungu wangu! Foleni ya wateja imetoka mlangoni ikakata kona. Kila mtu kapakata sanamu yake ya Mtoto Yesu iliyovishwa nguo mpya, kama ilivyo desturi ya Candelaria, wametoka kubarikiwa kanisani. Mmoja kavishwa kanzu ya daktari. Wote wananikodolea macho, watu na sanamu. Majiko yalishasema hapana tangu wiki iliyopita, tena mengi yao. Programu yangu haikungoja kusikia. Ilichukua ahadi ikaiita ndiyo, ikaenda zake.

Nilitarajia kupigwa mwiko. Ila tamale zina tabia yake, na kila mtu hapa anaijua. Ukigomba karibu na sufuria haziivi, zinabaki mbichi hata gesi iishe. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kukasirika. Doña Hortensia alinishika shavu, akaniambia kwa sauti ya kubembelezea mtoto: mwanangu injinia, kipenzi cha roho yangu, wewe ni punda. Akatabasamu. Akakoroga. Akaongeza kwamba siku hii moja ndiyo inayomlisha mwaka mzima, mpenzi, na wateja hawa wakiondoka hawarudi.

Don Anselmo akaingia mwekundu kama pilipili. Doña Hortensia akamwekea kidole mdomoni, akamwonyesha sufuria. Ikabidi anong'one. Alininong'oneza huku akitabasamu meno yote kwamba mimi ni aibu kwa umeme. Mama mmoja wa foleni akachungulia, akanitakia upara kwa upole mkubwa. Sijawahi kutukanwa vizuri hivyo. Nilikaribia kulia.

Noemí alikuwa ameshakaa juu ya gunia la maganda ya mahindi, kompyuta mapajani. Hakurudisha hata ile programu yake ya kwanza. Ameandika nyingine. Inayauliza majiko yote kwa pamoja, inakusanya ahadi zote, halafu await moja tu kwa ajili ya zote. Majibu yakishafika mkononi, ndipo inachuja. Ilichukua muda wa jiko moja tu kujibu, lile lililochelewa kuliko mengine. Haraka, na kweli. Loo! Iliniuma. Nilikaribia hivyo hivyo, nilikosa kusubiri tu.

Waliokosa wakaombwa radhi na kupewa uji wa moto. Wengi walicheka, wakaahidi kurudi. Bwana wa Tijuana alipigiwa simu. Alikuwa ameshapanga sahani.

Mimi nikapewa kamba. Nimefunga tamale kwenye maganda mpaka vidole vikakakamaa. Doña Hortensia akasema nafunga vizuri, angalau.

Kisha Noemí akaja, akaweka kitu mbele yangu. Kitoto cha plastiki. Akasema hebu tazama mgongoni, kina alama ya jino. Akasema jino lenyewe limekatika. Akasema ofisi nzima ina njaa. Akarudi kwenye gunia lake.

Nikamwambia tamale zenu nitazileta. Ahorita.

Jumanne, 3 Februari

Noemí ni mkuu wa timu. Kiti cha dirishani kimemkaa vizuri, lazima niseme. Inanichoma. Hotuba yangu nimeikunja nikaitia mfukoni.

Sijafukuzwa. Doña Hortensia amemwambia Don Anselmo atabaki kuwa mteja wetu kwa sharti moja: niende kumfungia tamale kila Jumamosi, na kompyuta niiache nyumbani.

Noemí ameniuliza tamale za ofisi ziko wapi. Nikamwambia shangazi yangu Remedios ameshaahidi kuzipika, kwa hiyo zihesabiwe kuwa zipo. Akakaa kwenye kiti chake kipya. Kisha akasema anasubiri.

Mchana nikamfuata Don Anselmo, nikamuuliza kiume. Je, mimi nami siku moja nitakuwa mkuu wa timu? Alikuwa anatafuta funguo za gari. Hakuinua kichwa. Akasema ahorita, injinia, ahorita tutaona.

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Nikampigia mama yangu simu, akalia kwa furaha. Nikawatangazia wenzangu. Na Noemí alipokwenda kula, nikaandika jina langu chini ya kile kiti kwa kalamu isiyofutika.