Wafalme Wengi na Wimbo Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba siku ya kufunga shule ukumbi utapewa mchezo mmoja tu wa watoto. Ijumaa atautazama wangu na wa shemeji yangu, kisha atachagua. Kwa hiyo ni vita.

Miaka mingi nimeandika makala magazetini nikilaani nyimbo wanazolishwa watoto. Bata anaoga, piga makofi, kaa chini. Sasa nimetunga opera, yaani tamthilia inayoimbwa mwanzo hadi mwisho. Nikikosa ukumbi, kila niliyewahi kumchambua atacheka hadi ashike mbavu.

Opera yangu ni Mfalme wa Ukimya. Mfalme anapiga marufuku kila sauti katika nchi yake. Msichana mmoja anasimama na kumwimbia wimbo wenye hoja nzito, moja baada ya nyingine, hadi utawala unaporomoka. Mfalme mwenyewe haimbi. Anaweka kidole mdomoni, basi. Dhalimu hastahili muziki.

Shemeji, dada mdogo wa mke wangu, ndiye mwalimu wa muziki pale shuleni. Mchezo wake unahusu karoti iliyopotea. Nimemwuliza karoti ina msimamo gani. Amejibu kwamba iko wima, shemeji, na inatosha.

Jumanne, 4 Juni
Mazoezi ya kwanza. Nimewaeleza watoto historia ya udhalimu. Mmoja akauliza kama hiyo ndiyo opera au bado.

Nafasi ya msichana nimempa binti yangu. Sikupendelea, ni damu. Amejaribu mstari wa kwanza akakwama. Akasema, Baba, huu wimbo uko shimoni. Nimemweleza kwamba niliutunga kwa kuuimba mwenyewe, na koo langu halijawahi kulalamika. Akasema koo lako lina ndevu.

Wengine wote wanataka kuwa mfalme. Sielewi. Nimemnyima mfalme nyimbo, nimemnyima maneno, nimemnyima hata jina. Nilipouliza nani anataka kupigania uhuru, wakatazama viatu vyao. Nilipouliza nani anataka kunyamazisha watu, mikono ikajaa hewani.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa. Nimemfanya mfalme achukize. Nimemvua taji, nimemvika shuka kuukuu, nimempa ugonjwa wa tumbo. Sasa anaweka kidole mdomoni huku akiugulia.

Wamegombana. Kila mmoja anadai anaugua tumbo vizuri kuliko mwenzake. Mlinzi wa shule amekuja mbio akiuliza chakula gani kimewadhuru.

Wakati wa chakula cha jioni binti yangu ametangaza kwamba amehamia kwa mama yake mdogo. Yeye ndiye karoti. Nimeweka kijiko chini. Nimesema kwamba katika nyumba hii hatujawahi kuwa na karoti. Mke wangu amesema ziko mbili kwenye mchuzi, nile.

Alhamisi, 6 Juni
Leo nimetumia akili. Nimepita uwanjani wakati wa mapumziko nikawanong'oneza watoto wa shemeji kwamba kwangu kila anayekuja anakuwa mfalme. Kufikia mchana, wote walikuwa wamehamia kwangu. Shemeji amebaki na karoti peke yake, na karoti hiyo ni mwanangu.

Ushindi mkubwa. Ila sasa nina wafalme tele na hakuna raia hata mmoja. Hakuna wa kuonewa. Hakuna wa kuimba ule wimbo. Nimemwomba mfalme mmoja ajiuzulu, akasema kwanza aone nani mwingine anajiuzulu.

Shemeji amekuja kunipa pole. Nilitegemea atukane, nilikuwa nimeandaa majibu. Badala yake amesema, Shemeji, si uwaache tu wafanye kile wanachokipenda? Nimemwambia hiyo ndiyo falsafa iliyoharibu dunia. Amesema sawa, lakini kesho atakaa mbele na karoti wake, maana mchezo wa mtu mmoja haumchukui muda. Ninamshuku. Mtu aliyeibiwa watoto hatabasamu hivyo.

Ijumaa, 7 Juni
Sijui nianzie wapi.

Mwalimu Mkuu alikaa mstari wa mbele. Wazazi nyuma yake. Nikabonyeza kinanda. Wafalme wakaingia na mashuka yao, wakajipanga, wakaweka vidole midomoni.

Hapo nilipanga ukimya mfupi tu, kisha msichana aupasue kwa wimbo. Msichana hakuwepo. Ukimya ukaendelea. Mzazi mmoja akakohoa, wafalme wote wakamgeukia pamoja. Akaomba radhi kwa ishara. Kiti kikalia, wakakigeukia kiti. Mlinzi akaangusha funguo, na Mwalimu Mkuu mwenyewe akamwekea kidole mdomoni. Watu walikuwa wanatetemeka mabega. Nilidhani wanalia.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba hivi sivyo nilivyotunga. Wafalme wakanifanyia shhh. Nikasema sinyamazishwi na mtu katika opera yangu mwenyewe. Shhh. Basi nikaanza kuuimba ule wimbo, hoja ya kwanza, hoja ya pili, kwa besi yangu kamili, na wao wakizidi shhh kama mvua juu ya bati. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

Nikiwa katikati ya hoja ya tatu, mkono mdogo ukashika wangu. Karoti. Kitambaa cha rangi ya chungwa, majani ya karatasi kichwani. Akasema polepole, Baba, twende. Akaniongoza hadi nje ya jukwaa. Walipiga makofi wakiwa wamesimama.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbi ni wetu. Mwalimu Mkuu amempigia simu mke wangu, si mimi. Anataka ukimya ubaki, yule mzee mkali anayenyamazishwa abaki, na karoti aje kumchukua. Mengine yote yaondolewe. Mengine yote ni opera.

Shemeji ndiye atakayeongoza. Amesema kazi yangu ni kufanya vilevile nilivyofanya. Nimemwuliza nilifanya nini. Akacheka hadi akafuta machozi, akanipigapiga bega.

Jumapili, 9 Juni
Mke wangu ameniuliza nimejifunza nini wiki hii. Nimemjibu bila kusita. Watoto wana kiu ya hoja, na hadhira ilifurahi kupita kiasi, hivyo kosa liko wazi: wimbo ulikatizwa kabla ya hoja ya nne.

Siku ya kufunga shule nitaimba haraka zaidi. Na nitavaa koti lenye mikono mirefu kupita vidole, ili karoti akose pa kunishika.

Binti yangu amechungulia mlangoni, ameweka kidole mdomoni, ameondoka. Kumbe nilikuwa naimba huku nikiandika. Nimempuuza. Nimeongeza hoja ya tano.