Picha ya Bomba la Moshi

Jumatatu, 3 Machi

Wameanza kuvunja kiwanda cha kamba kando ya mto. Bomba la moshi litaangushwa Jumamosi asubuhi. Mama kasikia, hakumaliza chai. Marehemu baba alilisha tanuru chini ya bomba lile tangu sijazaliwa. Nimemwahidi mama picha ya bomba hilo, kubwa, ya kutundika sebuleni. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye kasema atapiga. Ana kamera mpya na kizibao cha mifuko tele. Apige tu. Tutaona!

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri ya ushindi: moshi! Bomba bila moshi ni nguzo tu. Nikambembeleza mlinzi, akanifungulia chumba cha tanuru. Tukawasha majani mabichi. Nikatoka mbio hadi ukingoni, nikatega kamera. Juu, kweupe. Kumbe ndege wamejenga humo miaka yote hii, wameliziba! Moshi ukatokea mlangoni, ukamfukuza mlinzi, ukavuka ukuta hadi kwenye nguo zilizoanikwa mtaa mzima. Zimamoto wakaja. Shemeji naye akaja, akapiga picha. Yangu mimi, nakohoa!

Nyumbani nikamweleza mama kwamba nilitaka alione bomba kama zamani. Akaniuliza nani kaniambia anautamani moshi ule, wakati masizi yake ameyafua kwenye mashati ya baba mpaka vidole vikachubuka. Kisha akanipaka mafuta usoni, maana nyusi zimeungua. Mtu mzima na ndevu zangu! Nikatulia tuli. Nampenda mama yangu, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewahi mahali pazuri kuliko pote, ukingoni kabisa. Shemeji kaachwa nyuma ya kina mama na miavuli yao. Safi! Mama nikamsimamisha ubavuni kwangu. Honi ya kwanza. Jicho kwenye kamera, kidole tayari. Honi ya pili. Mama akanishika mkono. Ule ule wa kidole! Akaubana kwa mikono yake miwili. Ningeweza kuuchomoa. Roho ikakataa. Bomba likainama taratibu, likaenda zake. Vumbi mpaka ng'ambo. Mama akalia. Mimi nikalia, kwa sababu tofauti kidogo. Picha hakuna.

Jumapili, 9 Machi

Nimekiri kwa mama. Akasema picha hakuihitaji kiasi hicho. Alichoogopa ni kusimama pale peke yake. Maskini! Ananifariji, na hata kudanganya hajui. Shemeji kaniletea picha yake nimpe mama. Nzuri, ptuu! Nimeificha chini ya godoro.

Lakini nimepata dawa. Ng'ambo ya mto kiwanda cha sabuni nacho kina bomba, linafanana kabisa na lile. Nitalipiga hilo, nimwambie ndilo. Mama hatajua. Nimemwomba kesho twende wote, anishikie ngazi. Amekubali kabla sijamaliza kusema, akaenda kutafuta viatu vyake vizuri. Hata hakuniuliza tunakwenda kupiga picha ya nini.